Joto la Kiangazi na Ukweli wa Kipimajoto

Natumaini mmekwisha kuketi na watoto wamenyamaza, maana neno nililo nalo leo ni dogo kwa kulitazama, lakini ukubwa wake huonekana mtu akilifuata mpaka mwisho. Nataka kuzungumza nanyi habari za joto la kiangazi katika Nyanda za Juu Kusini, na jinsi mtu wa kawaida, asiye mtaalamu, awezavyo kulipima pasipo kujidanganya nafsi yake wala kuwadanganya wenziwe.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana ambao nao watakwenda kuwafundisha watoto. Kwa miaka kadhaa sasa, mimi na wenzangu wachache wa Iringa na Mbeya tumekuwa na desturi ya kuandika hali ya hewa kila siku: mvua iliyonyesha, mawingu, upepo, na joto la mchana na la usiku. Hatulipwi kwa kazi hii, wala hatukuagizwa na mtu. Twaifanya kwa kupenda, kama wengine wapendavyo kufuga njiwa. Kisha twaandikiana na kulinganisha tuliyoyaona.

Basi Oktoba moja, mwenzangu wa Mbeya aliniandikia kwa furaha kubwa kwamba siku ya Jumatano, saa tisa alasiri, kipimajoto chake kilionyesha digrii 35 za Sentigredi. Mimi hapa Iringa, siku ile ile na saa ile ile, nilikuwa nimesoma digrii 29. Wanafunzi wake wakajivuna kwamba kiangazi cha Mbeya kimekishinda cha Iringa. Wanafunzi wangu wakaona wivu, na mmoja wao akaniuliza kama haiwezekani kukitia kipimajoto chetu juani kidogo, ili tusiaibike.

Nikaketi nikafikiri. Mji wa Mbeya umekaa kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Loleza. Mji wa Iringa, juu ya bonde la Ruaha Ndogo, uko kiasi cha mita 1,600. Na kanuni yajulikana na kila aliyesoma jiografia: hewa hupoa kadiri tupandavyo, yapata digrii sita na nusu kwa kila mita 1,000. Ndiyo maana msafiri akitoka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, kwenye kimo cha mita 500 hivi, akapanda mpaka Mbeya, huvuka tofauti ya karibu digrii nane, na njiani hufungua mzigo wake atafute sweta. Kwa kanuni hiyo Mbeya ingepasa kuwa na ubaridi kidogo kuliko Iringa, au sawasawa nayo. Kuizidi kwa digrii sita ni neno la ajabu. Tena wastani wa joto la mchana la Mbeya mwezi wa Oktoba hukaa karibu na digrii 27. Hata Dar es Salaam, wenye hari zao za Januari na Februari, huona digrii 35 kuwa joto kali.

Nikamwandikia hivyo, naye akanijibu kwa maneno makali kidogo kwamba macho yake ni mazima. Tukabishana hivyo mpaka likizo, nikapanda basi nikaenda nikajionee mwenyewe.

Alinipokea vizuri, tukanywa chai, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Kipimajoto kilikuwa kimetundikwa katika msumari, ukutani, upande wa magharibi, chini ya ukingo wa bati. Asubuhi palikuwa na kivuli kizuri. Lakini tangu saa nane mchana jua liliupiga ukuta ule, na bati la juu lilikuwa likilia kwa joto. Nilikuwa nimekuja na kipimajoto cha pili. Kwanza tuliviweka pamoja ndani ya nyumba, tukaona vyasoma sawasawa. Kisha kimoja tukakiacha msumarini, kingine tukakifunga kwa uzi, tukakizungusha hewani penye kivuli cha mti, upepo ukipita. Saa tisa tukavisoma. Cha ukutani kilisema 34, cha mtini kilisema 27. Mwenzangu alivitazama muda mrefu, kisha akacheka, akasema, "Kumbe mwaka mzima nimekuwa nikipima matofali."

Hapo, wasikilizaji wangu, ndipo penye siri ya kazi yote. Kipimajoto hakisemi uongo kamwe. Kila mara chasema kweli, lakini chasema kweli ya nafsi yake tu: joto la zebaki au spiriti iliyo ndani ya kioo chake. Jua likikichoma, chaeleza jinsi kilivyochomwa. Ukuta ukikitolea moto wake, chaeleza habari za ukuta. Kazi yetu sisi ni kukiweka mahali ambapo hakiguswi na kitu kingine ila hewa, ili joto lake na joto la hewa yawe kitu kimoja. Wenyeji wa Iringa walijua jiwe letu la Gangilonga, ambalo jina lake lina maana ya jiwe lisemalo. Likichomwa na jua mchana kutwa, hutoa joto hata baada ya jua kuchwa. Mtu akitundika kipimajoto ubavuni mwake wakati wa magharibi, jiwe kweli litasema. Lakini litasema habari zake lenyewe, si za anga.

Kwa sababu hii watu wa sayansi walitafuta njia moja ya kuviweka vipimajoto, ili mtu wa Mbeya na mtu wa Uingereza wawe wakipima kitu kile kile. Katika miaka ya 1860 mhandisi mmoja wa Scotland, Thomas Stevenson, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kujenga minara ya taa kando ya bahari, alibuni sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeupe, lenye kuta za vibao vilivyoinamishwa kama dirisha la luva. Weupe wake hulirudisha jua; vibao huzuia miali isiingie, lakini huiruhusu hewa ipite. Sanduku hilo husimama juu ya miguu yake, na vipimajoto ndani yake huwa kati ya mita moja na robo na mita mbili juu ya ardhi. Chini yake pawe na majani mafupi, wala si saruji wala lami. Na majengo na miti iwe mbali, angalau mara mbili ya kimo chake. Mtu wa seremala aweza kulitengeneza kwa mbao za msonobari wa Mufindi, na gharama yake si ya kutisha.

Lakini kuna jambo moja ambalo sisi wa nchi hizi yatupasa kuliangalia zaidi ya wenzetu wa Ulaya. Wao huelekeza mlango wa sanduku kaskazini, maana jua lao la adhuhuri liko kusini siku zote. Mtu aliye mbali kusini mwa dunia huuelekeza kusini. Je, sisi? Mbeya iko karibu digrii tisa kusini mwa Ikweta, na Iringa karibu digrii nane. Tangu mwanzo wa Machi hata katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri liko kaskazini yetu. Katikati ya Oktoba lapita juu ya utosi. Kisha, hata mwisho wa Februari, liko kusini. Basi mlango mmoja hautoshi kwa mwaka mzima. Ndiyo maana katika nchi za joto masanduku mengine hutengenezwa yenye milango miwili, mmoja kaskazini na mmoja kusini, nao wafungua ule usio na jua siku hiyo.

Habari hii ya jua latuonyesha pia kwa nini kiangazi chetu huwa kikali mwezi wa Oktoba na Novemba. Jua hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka. Linapopita mara ya pili, mwisho wa Februari, hukuta mvua zimekwisha kuanza tangu Novemba au Desemba: mawingu yametanda, udongo umelowa, na sehemu kubwa ya nguvu za jua hutumika kukausha maji. Lakini linapopita katikati ya Oktoba, hukuta anga tupu, majani makavu na vumbi. Hakuna kitu cha kulizuia wala maji ya kukausha, na nguvu zake zote huingia katika ardhi na hewa. Kumbe si jua lililobadilika, ni nchi iliyo chini yake.

Sasa msidhani makosa haya ni ya walimu wa vijijini peke yao. Kwa miaka 90 vitabu vya dunia nzima viliandika kwamba joto kubwa kuliko yote lilipimwa El Azizia, katika nchi ya Libya, tarehe 13 Septemba 1922, digrii 58. Watoto walilikariri shuleni, nami nililikariri. Hata mwaka 2012, Shirika la Hali ya Hewa Duniani, baada ya kulitazama daftari lenyewe la siku zile, lilitangaza kwamba hesabu hiyo si sahihi. Daftari lilionyesha kwamba mkono wa mwandishi ulibadilika siku chache kabla. Mtu mpya, asiyezoea, alikuwa amepewa kazi. Na chombo chake kilikuwa cha namna ile yenye bomba lililopindwa, ambamo zebaki husukuma kijiti kidogo cha chuma na kukiacha pale ilipofika. Kijiti kile kina ncha mbili. Yapasa kusoma ncha ya chini, ile iliyoguswa na zebaki. Inaelekea mtu yule alisoma ncha ya juu, na tofauti kati ya ncha mbili ilikuwa kama digrii saba. Tena chombo kilikuwa mahali pasipofanana na jangwa la pale. Basi kwa kijiti kidogo kama kipande cha sindano, dunia nzima ilidanganyika miaka 90. Baada ya hapo heshima ya joto kubwa ilirudi Death Valley, katika nchi ya Marekani, digrii 56 na nukta saba, tarehe 10 Julai 1913.

Niliporudi Iringa nilikuwa na majivuno kidogo, kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini katika gari maneno ya mwenzangu yalinisumbua. Wakati wa kuagana aliniuliza kwa upole, "Na chako wewe, mwalimu, umekipima lini?" Sikuwa nimekipima hata mara moja.

Njia ya kukipima ni rahisi. Saga barafu, itie katika chombo, umwagie maji safi kidogo tu yajaze nafasi, ukoroge, kisha utumbukize kipimajoto ukingoje dakika chache. Barafu inayoyeyuka katika maji safi ni digrii sifuri, Mbeya kama pwani. Nikafanya hivyo mbele ya wanafunzi wangu. Kipimajoto changu kikashuka, kikashuka, kikasimama juu ya digrii moja na nusu. Tukakoroga tena. Hakikutikisika. Yule mwanafunzi aliyetaka kukitia juani alinitazama, asinene neno.

Jambo moja niwaonye hapa. Msijaribu kukipima kipimajoto cha hewa katika maji yachemkayo, kitapasuka, maana hakikufanywa kwa joto hilo. Na mwenye kile cha maabara, kiwezacho kuvumilia, asishangae: katika mji wa Mbeya maji hayachemki kwa digrii 100. Huchemka yapata digrii 94, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Ndiyo sababu maharagwe yetu hukawia kuiva. Ulaumu mlima, si kipimajoto.

Digrii moja na nusu, labda mtasema, ni kitu gani? Mtu hawezi hata kuisikia mwilini. Hebu basi tuifuate. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote yaliyopata kupimwa, na kwamba dunia kwa wastani ilizidi joto la zama za kabla ya viwanda kwa digrii moja na nusu na zaidi kidogo. Basi kosa la chombo changu lilikuwa sawa na badiliko lote la dunia. Na ukuta wa mwenzangu ulikuwa na kosa mara nne na zaidi ya hilo. Watu kama sisi twawezaje kusimama mbele ya watoto tukasema, "Nchi yetu imepata joto," au "Haikupata," ikiwa chombo chetu hakiwezi kutofautisha nchi na msumari?

Na jambo hili si la maneno ya darasani tu. Kijidudu cha malaria kali hakiwezi kukomaa ndani ya mbu ikiwa hewa ni baridi chini ya digrii 16 hadi 18 hivi. Katika vijiji vya juu, digrii moja au mbili ndiyo mpaka kati ya homa na salama. Viazi vya Makete na uwanda wa Kitulo huunguzwa na sakitu usiku mmoja wa Juni au Julai, na mkulima wa bondeni huumia kuliko wa mteremkoni, kwa kuwa hewa baridi hutelemka usiku na kutuama bondeni kama maji. Na kahawa je? Mwaka 2015 ulitangazwa uchunguzi juu ya kahawa ya arabika ya Tanzania, uliofuata hesabu za miaka mingi za upande wa kaskazini. Ulionyesha kwamba kinachoipunguza zaidi ni joto la usiku kuliko la mchana: kila digrii moja ya kupanda kwa joto la usiku ilikwenda pamoja na upungufu wa karibu kilo 137 za kahawa kwa hekta moja.

Hapo nafika katika neno ambalo ni zito kwangu kulisema, lakini nimeona haifai kuwafundisha wengine na kulificha.

Kabla sijaja chuoni nilifundisha katika shule moja ya upande wa Mbozi, penye kahawa. Tulikuwa na kipimajoto cha usiku, tukaandika miaka mitatu. Miaka mingi baadaye mzee mmoja wa kijiji kile alinijia. Alikuwa ameotesha miche mipya ya kahawa, na ana mashamba mawili, moja chini na moja juu mlimani. Akaniambia, "Mwalimu, wewe uliandika baridi ya usiku. Mimi naona usiku wa siku hizi hauna baridi kama wa zamani, lakini pengine ni blanketi la wanangu limenidanganya. Nitazamie katika daftari lako, ulinganishe na sasa, nijue miche niipande wapi."

Nikalitafuta daftari, nikalipata, nikalifungua mbele yake. Siku za kazi zilikuwa na hesabu za kila namna: 11 na nukta nne, 13 na nukta moja, 9 na nukta nane. Lakini Jumamosi na Jumapili zilikuwa 12, 12, 12, na likizo nzima ya Desemba 13, 13, 13. Nikakumbuka. Mwanafunzi mwenye zamu hakuwa akija siku zile. Jumatatu alijaza nafasi kwa kukisia, daftari lipendeze. Nami nilijua, nikanyamaza, maana mkaguzi alipenda daftari lisilo na mapengo. Tena likizo moja niliijaza mimi kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikamwambia mzee, "Baba, daftari hili si shahidi. Lina hesabu zisizo za kweli." Hakukasirika. Akasema, "Basi, mwalimu, zing'oe hizo za uongo, unipe zilizobaki." Nikajaribu. Zile za 12 na 13 zilikuwa rahisi. Lakini kati ya nyingine nikaona siku za kazi zilizofanana mno, na siku za mvua ambazo hakuna mtu angalitoka nje. Nikaingiwa na shaka juu ya kila mstari. Nikashindwa kupambanua. Uongo kidogo ulikuwa umeiharibu kweli nyingi, kama tone la mafuta ya taa katika mtungi wa maji. Mzee aliamka, akanishukuru kwa heshima, akaenda akapanda miche yake kwa kukisia kwake mwenyewe. Sijui kama alichagua vema. Najua tu kwamba alikuja kwa mwalimu akiwa na haja, akaondoka mikono mitupu.

Kama pale tungaliacha nafasi tupu, ningaliweza kumjibu. Nafasi tupu ni maneno ya kweli: yasema, "Siku hii sikutazama." Ndiyo kwanza jambo la kwanza niwafundishalo wanafunzi wangu sasa, kabla hata ya kuwaonyesha chombo. Methali yasema njia ya mwongo ni fupi. Katika hesabu za hewa njia yake huweza kuwa ndefu, miaka 90 kama ile ya El Azizia, lakini mwisho wake ni ule ule.

Sasa niwape kwa ufupi kanuni tunazozifuata, ili anayetaka kuanza aanze vizuri.

Kwanza, mahali. Penye sanduku jeupe ni bora. Asiye na sanduku na atafute kivuli chenye upepo, mbali na ukuta, bati na jiko, akizungushe kipimajoto kwa uzi dakika mbili au tatu kabla ya kukisoma. Na asihamishehamishe, akihama, aandike tarehe ya kuhama.

Pili, saa. Chagua saa usiyoweza kuikosa, uishike. Desturi nzuri ni saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Mwenye kipimajoto kinachoshika joto la juu kabisa, akikisoma asubuhi, ajue kwamba joto lile ni la jana mchana, aliandike katika siku ya jana. Wengi hukosea hapo. Akimaliza, akirudishe chombo tayari kwa siku mpya. Asiporudisha, jana itasema tena kesho.

Tatu, jicho. Lilingane sawasawa na ncha ya zebaki. Ukitazama kutoka chini au kutoka juu utakosea. Usipumulie chombo wala usikishike penye tumba lake. Soma kwanza sehemu ya kumi, kisha digrii nzima, maana mwili wako ukikaribia hukipasha joto upesi. Kisha tazama tena, uone hukukosea digrii tano au kumi.

Nne, chombo chenyewe. Kipime kwa barafu angalau mara moja kwa mwaka, uandike kosa lake katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Usikitupe kwa kuwa kina kosa; kosa lijulikanalo huondolewa kwa kutoa. Chenye spiriti ukitazame kama uzi wake haukukatika safarini, maana ukikatika kitasoma pungufu. Aliyerithi cha zamani chenye hesabu za Fahrenheit asihuzunike: atoe 32, azidishe kwa tano, agawanye kwa tisa. Digrii 77 zake ni 25 zetu.

Tano, simu. Vijana huniambia, "Mwalimu, simu yangu yasema Mbeya ni digrii 24, ya nini kutoka nje?" Hesabu ile ya simu haikupimwa mlangoni pako. Imekokotolewa na mashine za mbali kwa kukadiria, na milima yetu, yenye kupanda na kushuka ghafula, huzidanganya mara nyingi. Yafaa kuilinganisha, haifai kuinakili.

Sita, mipaka yetu. Kuutangazia umma utabiri si kazi yetu. Hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na mwenye kutaka kusimamisha kituo na awaulize wao kwanza. Sisi ni kutazama na kuandika. Lakini msidhani ni kazi ya kudharauliwa. Tangu siku za Wajerumani, na tangu ilipoanzishwa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika ya Mashariki ya Waingereza mwaka 1929, chini ya Albert Walter, hesabu nyingi za nchi hizi ziliandikwa na watu wasio wa idara: wamisionari, wenye mashamba, makarani na walimu. Idara ile ilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Tanzania ikaunda chombo chake, kikawa Wakala mwaka 1999, na kwa sheria ya mwaka 2019 kikawa Mamlaka. Wakubwa wamebadilika mara nyingi, lakini karatasi za wale watu wa kawaida, zilizoandikwa kwa uaminifu, zingali zatumika. Zile zisizo za uaminifu hazifai hata kufungia karanga.

Nami na mwenzangu wa Mbeya? Amejenga sanduku jeupe kwa mikono ya wanafunzi wake, lenye milango miwili. Daftari lake la mwaka ule wa ukutani hakulichoma moto. Ameandika juu yake kwa wino mwekundu: "Ukuta wa magharibi, chini ya bati. Halifai." Mimi nimeandika juu ya langu: "Toa digrii moja na nusu." Oktoba iliyofuata alisoma 28, nami 28 na nusu. Hakuna aliyeshinda, na wanafunzi wakaona haina utamu. Lakini sisi wawili tulijua kwamba kwa mara ya kwanza tulikuwa tumezungumza habari za hewa.

Haba na haba hujaza kibaba. Mtu akisoma mara moja kwa siku, kwa uaminifu, baada ya miaka thelathini atakuwa na kitu ambacho mtoto wa mkulima ataweza kukitegemea. Basi kesho asubuhi, saa tatu, mwenye kipimajoto na akitazame. Na ikiwa kesho hakuweza, aache nafasi tupu.